Nyuzi Nyekundu za Kukataza

Vijana wa karakana ya simu, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kuegemea na daftari la kurasa mia mbili. Kiti nimekikalia. Daftari mlisema nijaze mambo ya zamani, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeniita asubuhi, naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili, na panya wa ofisini wameyasoma kabla yenu. Miaka ya mwisho mnaijua, mlikuwepo. Nitaandika ya mwanzo, wakati Likasi kwenye ramani iliitwa bado Jadotville, Katanga ilipojitenga na bendera yenye misalaba ya shaba ikapandishwa mjini, nami, Numbi Sylvestre, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na bisibisi moja isiyo yangu.

Bisibisi ilikuwa ya Papa Ngoie, fundi mkuu wetu kwa ujuzi, ingawa kwa karatasi mkuu alikuwa mtu mwingine. Siku yangu ya kwanza alinitazama mikono kabla ya uso. Aliuliza kama navuta sigara, maana moshi huacha mafuta kwenye ncha za rilei. Ninyi mmelelewa na mitambo isiyo na sauti, kwa hiyo niwakumbushe: rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, ulimi wa chuma unashuka, ta!, na njia nyingine inafunguka. Kituo chetu cha simu kilikuwa nazo kuta mbili nzima. Papa Ngoie alinikalisha kwenye stuli katikati ya kuta hizo, akanifunga macho kwa kitambaa chake cha jasho, akaenda zake.

Baada ya muda akarudi. “Unasikia nini?”

“Makelele, Papa.”

“Bakia.”

Aliporudi mara ya tatu nilimwambia kuna moja chini, mkono wa kushoto, inachelewa kuliko wenzake. Akanifungua macho. “Njo ile. Nilikuwa nayitafuta tangu juzi. Sasa kazi inaanza.”

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, kwa masikio. Alinipa pia kipande cha chuma chembamba cha kusugulia ncha, na akanikataza msasa, kwa sababu msasa unakula. Na alikuwa na msemo mmoja ambao aliurudia mpaka nikawa nauota: “Ligne zaifu ni haya ya fundi.” Yaani laini ikiwa dhaifu, Bwana Fulani wa Panda asisikike vizuri kwa Bibi Fulani wa Shituru, aibu si yao, ni yetu. Sugua ncha. Kaza skrubu. Tafuta mahali umeme unapovuja, kata uzi unaouiba, funga kwa utepe. Sijawahi kuona mafundisho safi kuliko hayo, na ndiyo yaliyokuja kunitia aibu kubwa kuliko zote.

Kujitenga kulipoanza, mafundi wengi wa Kizungu walikuwa wamekimbia, wengine wakarudi, wengine wakabaki huko walikokimbilia. Tulibaki Papa Ngoie na mimi na kuta zetu mbili. Ofisa mmoja alikuja kutuamuru tukate laini fulani kwa usalama wa nchi. Tukakata. Siku mbili baadaye akaja mwingine kutaka kujua kwa nini laini hiyo haifanyi kazi, tena aliuliza kwa ukali. Tukaunganisha. Ndiyo siasa niliyoifanya maishani mwangu.

Jumapili baada ya misa Papa Ngoie alinikaribisha kwake mtaa wa Kikula kula bukari, ugali wetu. Mkewe alikuwa amefariki, na nyumba ilishikwa na binti yake, Monique, mshonaji. Nisizunguke. Nilimpenda kwanza kwa mikono. Nilikuwa nimefundishwa kutazama mikono, na yake ilikuwa mikono ya fundi: aliweza kutia uzi kwenye sindano ya cherehani huku anakutazama usoni na kukucheka. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu refu la moto. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya jikoni.

Jumapili ya nne au ya tano alikuwa anashona pindo, mguu kwenye cherehani, akanyamaza katikati ya neno. Macho yalisimama mahali pamoja. Kisha akaanguka, na mwili wote ukaanza kutikisika kwa mpigo mmoja, mikono, miguu, taya, vyote pamoja. Nje nilisikia jirani akiita watoto wake waingie ndani. Papa Ngoie alipiga magoti peke yake, akasukuma stuli mbali, akamgeuza binti yake ubavu, akaweka kiganja chini ya kichwa. Alingoja. Ilipokwisha akamfuta mdomo kwa shati lake mwenyewe. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimebanana na ukuta, mgongo wote, kama ningeweza kupita upande wa pili ningepita.

Kwetu watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa wa kifafa yakikugusa, nawe utaanguka. Hakuna aliyemgusa Monique anapoanguka isipokuwa baba yake. Kovu lile lilitokana na hilo: aliangukia mbabula, jiko la makaa, uani kwa watu, na wanawake sita walisimama wakilia badala ya kumvuta. Nami niliamini kama wao. Sitajifanya nilikuwa mjanja.

Wiki iliyofuata Monique alinihudumia chakula na kusema bila kunitazama, “Na weye ulikimbia.”

“Sikukimbia. Nilisogea.”

“Mupaka ku ukuta?”

Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

Aliyekuwa akimtibu alikuwa daktari Mbelgiji, kijana kidogo, tuliyemwita Dokta Verlinden. Kiswahili chake alikipata kwa mpishi wake, kwa hiyo kila sentensi ilikuwa amri, hata salamu. Lakini vidonge alivyompa Monique vilifanya kazi: kutoka kuanguka kila Jumapili mbili akafika miezi mitano bila kuanguka. Siku moja dokta alikuja kituoni kuomba rilei zilizotupwa. Papa Ngoie hakuuliza za nini. Alimpa sanduku zima, na juu ya sanduku akaniongeza mimi, kila alasiri ya zamu nyepesi. “Ule muntu alinirudishia mutoto,” aliniambia. “Akilomba na mulango ya kituo, tutamufungulia.”

Chumba cha dokta kilikuwa nyuma ya nyumba ya kufulia ya hospitali. Mle ndani aliweka ubao mkubwa wa mti wa mulombwa, na juu yake tukajenga kile alichokiita mfano wa mishipa ya fahamu. Seli kumi na mbili. Kila seli ilikuwa na rilei moja, taa moja ndogo na kapasita moja. Kapasita fikirieni ni ndoo yenye tundu dogo chini. Umeme unaingia, mwingine unavuja. Ukiingia kwa haraka kuliko unavyovuja, ndoo inafika alama yake, rilei inapiga ta!, taa inawaka na kuzima, ndoo inamwagika, na seli hiyo inaanza upya. Kila inapopiga, inawamiminia jirani zake umeme kwa nyuzi. Inawamiminia kiasi gani? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kila uzi ulikuwa na kitufe cha kuzungusha, kama cha sauti ya redio, chenye namba sifuri hadi kumi.

“Selule yote ni moja,” dokta alisema. “Sawasawa. Yote bete, bila akili. Akili iko hapa.” Akagonga kitufe.

Mwanzoni nilidhani anatania. Tukaweka vitufe vyote kwenye mbili, akabonyeza swichi ya kuanzishia. Seli ya kwanza ikapiga, ya pili ikajaribu, kimya. Ndoo zilivuja kabla hazijajaa. Tukaweka tano: moto ukakimbia kidogo, ukafa. Sita, ukafa. Sita na kidogo, chumba kizima kikalipuka kwa kelele na moto haukuzimika tena mpaka tukachomoa waya ukutani. Kati ya kufa na kulipuka hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele. Wafua nguo wa hospitali, waliokuwa wakisikia ta-ta-ta upande wa pili, walieneza habari kwamba dokta anafuga kuku wa chuma.

Ndipo akaleta nyuzi za aina ya pili. Hizi hazikumimina kitu, zilitoboa. Seli iliyo mwanzoni mwake ikipiga, ndoo ya jirani inapunguziwa maji badala ya kuongezewa. Kwa Kifaransa alikuwa na jina refu. Mimi niliziita nyuzi za kukataza, na jina likabaki, hata yeye akalitumia. Tulipoziweka chache mahali panapofaa, ubao ukabadilika tabia. Unabonyeza ya tatu, moto unakwenda ya tatu, ya saba, ya kumi na moja, unarudi ya tatu, unazunguka humo, na seli nyingine zimetulia. Unazungusha vitufe viwili tu, kimoja juu, kimoja chini, unabonyeza ile ile ya tatu, na moto unashika njia nyingine kabisa. Taa ni zile zile. Rilei ni zile zile nilizozisugua mwenyewe. Alasiri viwanda vilipovuta umeme wa bwawa la Mwadingusha na volteji ikalegea, njia ilikatika katikati, na dokta alitukana kwa Kiflemi huku anaandika. Nilianza kwenda pale hata siku ambazo sikuwa na zamu.

Sasa aibu yangu. Asubuhi moja dokta alikuwa wodini, nikafika na vifaa vyangu, nikaona nimfurahishe. Ubao ulikuwa na nyuzi nyingi ambazo vitufe vyake vilikuwa kwenye mbili, tatu, moja na nusu. Ligne zaifu! Kwangu ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu na kukuta vyombo havijaoshwa. Nikasugua ncha zote. Nikapandisha vitufe vyote mpaka tisa, kwa mpangilio mzuri. Kisha nikachukua kipimo changu nikatafuta mahali umeme unapopotea, na nikapata: nyuzi za kukataza. Msinicheke. Nilijua jina lake, mimi ndiye niliyelitoa, lakini kipimo kilipoonyesha umeme unaibwa, mikono haikuniuliza. Ilikata nyuzi zote kumi, ikazifunga utepe, ikazipanga kando. Papa Ngoie mwenyewe angenipongeza.

Dokta aliingia, akatazama, akakunja uso, akabonyeza swichi.

Taa zote kumi na mbili ziliwaka pamoja. Zikazima pamoja. Zikawaka pamoja. Rilei zilipiga kwa mpigo mmoja, TA, TA, TA, mpaka ubao ukawa unatembea juu ya meza, penseli ikaanguka, na koili ya seli ya tano ikaanza kutoa moshi. Nilichomoa waya. Nilingoja kufukuzwa.

Dokta hakukasirika. Alikuwa amekaa chini, amefungua kinywa. Akasema polepole, na kwa mara ya kwanza haikuwa amri: “Numbi. Weye umetengeneza kifafa.”

Nilisimama pale nikinusa moshi. Nilikuwa nimeuona mpigo ule. Niliuona Kikula, sakafuni, mikono na miguu na taya vyote pamoja. Hakuna kitu kilichoingia kwenye ubao ule kutoka nje. Hakuna mtu aliyeuroga, hakuna pepo aliyekaa kwenye koili. Zilikuwa seli zile zile njema, zimeungana kwa nguvu kupita kiasi, hazina wa kuzikataza. Dokta alinionya nisidhani sasa najua kichwa cha mtu: ndani ya kichwa kuna seli zisizohesabika, alisema, na sisi tuna kumi na mbili na rilei za simu. Na vidonge vya Monique? Alidhani, hakuapa, kwamba vinazipa nguvu nyuzi za kukataza. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikilia njiani bila kujali nani ananiona, kwa sababu ya ule ukuta.

Koili iliyoungua ilihitaji kusukwa upya, waya mwembamba kama unywele, mizunguko isiyohesabika, na karakana haikuwa na mashine ya kazi hiyo. Nikaipeleka kwa Monique. Alifunga koili kwenye kile kigurudumu cha cherehani kinachojaza uzi kwenye kibobini, akauongoza waya kwa kidole, mguu ukienda taratibu, na kabla ya bukari kuiva ilikuwa tayari, safi kuliko ya kiwandani. Nilimwambia yote. Nilimwambia nilivyokata, na ubao ulivyotembea, na alichosema dokta.

Aliigeuza koili mkononi. “Kwa hiyo mi kichwa yangu iko na bya kukataza, ila biko bidogo?”

“Ao bimechoka. Dokta hajui.”

“Haiko mutu alinitupia kintu.”

“Haiko mutu.”

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na tangu utoto alikuwa ametajiwa majina ya shangazi watatu na jirani mmoja kuwa ndio waliomroga. Aliweka koili mapajani, akalia kwa utulivu, na safari hii sikusogea popote. Jumatatu baba yake alimruhusu kuja kuuona ubao. Ni yeye aliyepaka rangi nyekundu nyuzi zote za kukataza, kwa brashi ya kucha, ili mtu kama mimi asizikate tena.

Nilitaka kumwoa. Papa Ngoie aliposikia alikohoa sana, akasema nitazame vizuri, na niende kwa mama yangu. Mama yangu alikuwa mjane, mkulima wa mihogo upande wa Buluo, mtu wa sala na mtu wa neno moja. Bila neno lake hapakuwa na ndoa, maana ndiye aliyekuwa amebaki upande wangu, na nisingeingia nyumba ya Papa Ngoie mikono mitupu, bila mzazi, kama mtu asiye na kwao.

“Mwana yangu,” alisema, “minye sina roho mubaya. Ule mutoto ni muzuri, anashona muzuri. Lakini muntu wa kifafa banamupenda na macho. Habamuguse.”

“Mama, haiambukizi. Dokta—”

“Dokta iko na bana?”

Hakuwa na watoto. Nikarudi mjini. Nilikwenda mara nne, nikapata jibu lile lile mara nne, na kila mara alinifungia mihogo ya kubeba, maana kukataa ni kukataa na njaa ni njaa.

Mwaka wa pili vita vilifika kwetu. Ndege zilipita chini sana juu ya mabomba ya viwanda, barabara ya Elisabethville ikafungwa kwa vizuizi, treni ikasimama. Kituoni tulilala kwa zamu sakafuni, laini zilikatwa na kuungwa mpaka sikumbuki upande gani ulikuwa upi. Kilichonitia hofu kilikuwa kidogo kuliko hayo yote: vidonge. Sanduku la hospitali lilikuwa linakwisha. Dokta alianza kugawa nusu kwa kila mgonjwa, kisha robo. Alinieleza kwamba kuacha dawa ile ghafla ni hatari kuliko kutoianza, na nilielewa bila maelezo; nilikuwa nimeshawahi kukata nyuzi zote siku moja.

Mama alikuja mjini wiki hiyo, kwa miguu, kuona kama bado niko hai. Aliponikuta mzima alikasirika, kama mama wote. Nikaona hapa ndipo. Nikamwomba kitu kimoja tu: aje auone ubao, kisha nisimsumbue tena. Ilikuwa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Dokta alikuwa na majeruhi, Papa Ngoie yuko kituoni. Monique alikuwepo, nilimwomba awepo, na leo bado sijui kama nilitenda haki. Alikuwa kwenye robo ya kidonge kwa siku ya nane. Alimpigia mama yangu magoti akamsalimu, mama akaitikia kwa adabu na kuketi mbali, karibu na mlango. Wafua nguo wawili wakaja kuchungulia kuku wa chuma.

Nilimwonyesha yote. Vitufe chini: moto unakufa. Vitufe vya kiasi pamoja na nyuzi nyekundu: ya tatu, ya saba, ya kumi na moja. Mama alifuata taa kwa kidole, midomo inasogea, kama anayehesabu rozari. Kisha nikachomoa nyuzi nyekundu moja moja, nikapandisha vitufe, nikabonyeza. TA, TA, TA. Wafua nguo walipiga kelele wakarudi nyuma. Mama hakutikisika. Nikazima.

“Rudisha bile byekundu,” alisema.

Nikarudisha. Moto ukatulia kwenye njia yake.

“Na bile bya mutoto, nani alibikata?”

“Haiko mutu, Mama. Alizaliwa nabyo bidogo.”

“Na dawa?”

“Inasaidia. Sasa haiko, juu ya vita.”

Aliinamisha kichwa. Kwa mama yangu hiyo haikuwa kukubali, nilimjua. Aliinuka, akajifunga vizuri kikwembe, kitenge chake cha juu, akaanza kutafuta neno la kuagia. Nilikuwa nimeshindwa, nikaona wazi nimeshindwa, na Monique naye aliona, kwa sababu alianza kusema, “Mama, aksanti ya kufika,” na hakumaliza. Macho yake yalikuwa yamesimama.

Aliangukia upande wa meza. Nilimdaka kabla ya kichwa kufika kwenye saruji. Niliisukuma stuli kwa mguu, nikamlaza ubavu, nikaweka kiganja chini ya shavu lake. Mfua nguo mmoja alipiga kelele nimtie kijiko mdomoni, kisha wote wawili wakatoka mbio. Sikutia kijiko. Dokta alitufundisha: usimzuie, usimtie kitu, ngoja. Nilingoja. Mwili wote ulipiga kwa mpigo mmoja mikononi mwangu, na mate yenye povu yakatoka yakanimwagikia kiganjani, kwenye kifundo, ndani ya mkono wa shati. Yalikuwa ya uvuguvugu. Niliogopa, na nilibaki pale pale. Nilimwambia maneno ambayo si ya kuandikwa kwenye daftari la karakana.

Vidonge, mjue, vilifika Jumatatu iliyofuata, ndani ya lori la misheni, chini ya magunia ya unga. Siku mbili tu. Ningeweza kuvilaumu vita kwa siku hizo mbili, na kwa muda mrefu nilivilaumu.

Mpigo ulipungua. Ukawa wa vipindi, kisha wa vidole tu, kisha pumzi nzito. Uso wake ulikuwa umejaa povu na vumbi la sakafu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa chini yake. Sikuwa na cha kumfutia. Nyuma yangu nilisikia miguu ya mama yangu. Nilidhani anatoka.

Alichuchumaa karibu yangu, magoti yakalia. Alikitazama kiganja changu kilicholowa, akanitazama usoni, muda mrefu, kana kwamba anangoja nianguke. Sikuanguka. Basi akafungua kikwembe chake cha juu, kile cha kanisani, akakikunja, akamfuta Monique mdomo. Akamfuta mashavu. Akamfuta shingo, taratibu, akageuza upande mkavu akamfuta macho, na Monique alipoyafungua, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa mama yangu.

“Bakia vile, mwana,” mama alimwambia. “Usiamuke mbio.”

Kisha akasimama, akakung'uta kikwembe, akajifunga tena kiunoni, upande uliolowa ukiwa umelala juu ya tumbo lake.

“Numbi,” alisema, “ambia baba yake kesho tunakuja.”